Vimulimuli na Vinyuzi Machoni

Mtu aliyeingia umri wa makamo, akitazama mbingu nyeupe au ukuta uliopakwa chokaa, aghalabu huona vidoa, vinyuzi na vijiduara vikipita mbele ya macho yake, vikimkimbia kila avifuatapo na kurejea kila atuliapo. Akadhani ni vumbi au unywele, akafikicha jicho, akanawa uso, navyo vikawapo vilevile. Havipo juu ya jicho. Vimo ndani.

Nyuma ya lenzi, jicho limejaa ute mwangavu, kiasi cha mililita 4, ambao takriban wote ni maji yaliyoshikamanishwa na nyuzi nyembamba mno. Umri ukisonga ute huo huyeyuka, nyuzi zake hujikusanya vifundo, na kila kifundo hutupa kivuli juu ya retina, yaani utando wa nyuma unaopokea nuru na kupeleka habari zake ubongoni. Baadaye, aghalabu baina ya miaka 50 na 70, ute hujibandua katika utando huo. Na kwa wasioona mbali, waliotolewa mtoto wa jicho, au waliopigwa dharuba ya jicho, jambo hilo huweza kutangulia. Pale uliposhikamana sana huuvuta utando, nao, kwa kuwa haukujaliwa hisi ya maumivu, hujibu kwa nuru tu: mwako kama umeme pembeni mwa jicho, ambao hudhihiri zaidi gizani.

Hapo ndipo ilipo hadaa yake. Sisi tumezoea kuyafanya maumivu kuwa mizani ya maradhi, hata mwenye jino bovu hamwendei tabibu mpaka akeshe. Ilhali jicho laweza kupotea bila ya mwenyewe kusema ah. Kwa wengi ute hujibandua kwa salama, lakini kwa kadiri ya mtu mmoja katika kumi miongoni mwa wenye dalili mpya, au zaidi kidogo, utando huchanika, maji yakapenya katika ufa na kuubandua ukutani, na kivuli kikaanza kuteremka au kupanda jichoni mithili ya pazia. Kabla ya Jules Gonin, tabibu wa Lausanne, Uswisi, ambaye katika miaka ya 1920 aliwathibitishia wenzake kwamba ufa wenyewe ndio wa kuzibwa, takriban kila jicho la namna hiyo lilipofuka. Leo ufa ukiwahiwa huzungushiwa kovu kwa miale ya leza, na mgonjwa hurudi kwake siku ileile. Utando ukiisha kubanduka, hapana budi upasuaji.

Vinyuzi vya miaka mingi, visivyoongezeka, si vya kuhofia. Mistari ya vipembepembe inayometameta katika macho yote mawili kwa muda wa nusu saa hivi, kisha kichwa kikauma, aghalabu ni kipandauso. Bali vidoa vikizuka ghafula kwa wingi, au vimulimuli vipya, au pazia, na hasa kwa mwenye kisukari, ambaye huenda damu imevuja ndani ya jicho, usinunue dawa ya matone dukani wala usingoje juma liishe: nenda siku hiyohiyo kwa tabibu wa macho, naye azipanue mboni zako atazame mpaka nyuma. Na uende na mtu wa kukurudisha nyumbani, kwani dawa ile hutia kiwi kwa saa kadhaa.