SAFARI YA NDEGE: NAIROBI MPAKA NEW YORK



Kutoka Nairobi, Kenya, mpaka New York, Marekani, ni karibu kilomita 11,850 kwa njia ya ndege. Tarehe 28 Oktoba 2018 Shirika la Ndege la Kenya lilianza kurusha ndege kwenda huko moja kwa moja, bila kutua njiani. Kwenda huchukua saa 15 hivi. Kurudi ni saa 14 hivi, kwa sababu pepo za juu hutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tuseme mwanao ameondoka Nairobi mwezi wa Januari, saa 6 usiku. Kumekucha, saa 1 asubuhi, hajapiga simu. Usiogope. Bado yuko angani. Hesabu saa 15: atafika saa 9 alasiri.

Lakini saa za New York zitaonyesha saa 1 asubuhi. Kwa nini? Sisi tuko mashariki, nasi hulipata jua mapema. Mwezi wa Januari saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 8.

Kwa hiyo, ukitajiwa saa ya kufika, uliza kwanza: ni saa ya huku au ya huko?