Tairi Nene Nyuma, Jembamba Mbele: Je, Inafaa?



Wengi wenu mnafika chuoni kwa baiskeli, na jioni baiskeli hizo hizo hubeba madumu ya maji, viroba vya alizeti na wadogo zenu. Tairi moja linapokwisha, fundi hufunga lililopo dukani, na mara nyingi unene wake haulingani na lile lililobaki. Ndipo huulizwa: je, tairi la mbele na la nyuma yanaweza kutofautiana unene? Yanaweza, na kwa baiskeli ya mizigo ni afadhali yatofautiane. Lakini lipo jambo moja lisilosamehewa, nalo tutalieleza.

Kwanza tupige hesabu. Chukueni mwanafunzi wa kilo 50 juu ya baiskeli ya kilo 20. Anapokaa kwenye kiti, kiasi cha sehemu tatu kati ya tano za uzito huo huangukia gurudumu la nyuma, yaani kilo 42, na kilo 28 hubaki mbele. Sasa mfungieni kwenye keria madumu mawili ya lita 20. Keria iko juu ya gurudumu la nyuma, kwa hiyo karibu kilo zote 40 za maji zinakwenda nyuma. Nyuma sasa kuna kilo 82, mbele 28 zile zile. Gurudumu moja linabeba karibu mara tatu ya mwenzake, na bado tunataka yavae kiatu kimoja!

Watengenezaji wa pikipiki wanalijua hilo. Nendeni kwenye kijiwe cha bodaboda, msome maandishi ubavuni mwa matairi. Pikipiki nyingi zina 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma: kipenyo cha ringi ni kile kile cha inchi 17, ila la nyuma ni nene zaidi. Hata John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo wa mjini Belfast aliyepata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888, alianza na magurudumu mawili ya nyuma ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe.

Kinachobeba mzigo ni upepo uliomo ndani. Tairi jembamba lina nafasi ndogo ya upepo, hivyo lisipojazwa sana hubonyea mpaka ringi inakaribia ardhi. Mkipita kwenye jiwe, ringi huibana tyubu na kuikata. Fundi akitoa tyubu yenye matundu mawili madogo yaliyokaa sambamba, msiilaumu mbigili. Mwiba kwa kawaida hutoboa tundu moja. Matundu mawili ni alama ya kubanwa na ringi, na dawa yake ni kuongeza upepo, kupunguza mzigo au kufunga tairi nene zaidi. Wengi hulipia kiraka juu ya kiraka bila kujua hivyo.

Asiyebeba mzigo ana hesabu nyingine. Kwenye mchanga wa korongo, tairi jembamba la mbele huzama na usukani hucheza. Mpandaji wa namna hiyo atafaidika kwa kuweka lile nene mbele. Sisi tunaona kwamba hapa Mlali wanaobeba ni wengi kuliko wasiobeba, ndiyo maana tunasema nene liwe nyuma.

Sasa lile lisilosamehewa: unene unaweza kutofautiana, lakini kipenyo cha tairi lazima kilingane na ringi yake. Mtu husema dukani "nipe la ishirini na sita" akadhani amemaliza. Tairi la 26 x 1⅜ na la 26 x 1.95 yote huitwa 26, lakini ringi zake zimepishana milimita 31, na moja haliingii mahali pa jingine. Someni namba ya pili iliyoandikwa kwa milimita. Kwenye 50-559, 50 ni unene na 559 ni kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye ringi. Zile baiskeli kubwa za 28 x 1½ huandikwa 40-635. Namba ya nyuma ya kistari ikiwa tofauti na ya ringi yenu, rudisheni tairi hata kama muuzaji anaapa.

Halafu zungusheni gurudumu mtazame nafasi. Tairi lisiguse fremu, foko wala madigadi, na kidole kipite pande zote, kwa kuwa mvua zikianza Desemba udongo wa mbuga hujaa hapo na gurudumu hukwama.

Ikiwa fedha inatosha tairi moja tu, desturi ni kulifunga nyuma kwa sababu la nyuma ndilo linaloisha haraka. Hapo hatukubaliani na desturi. Tairi la nyuma likipasuka, baiskeli huyumba na kuburuta lakini usukani bado mnao. La mbele likipasuka kwenye mteremko, usukani haushiki tena, na mtoto aliye kwenye keria anaanguka pamoja nanyi. Mwambieni fundi ahamishe la mbele liende nyuma, maadamu ringi zote mbili ni za kipenyo kimoja, halafu jipya alifunge mbele. Kama la mbele ni jembamba mno kwa mzigo wenu, nunueni jipya lililo nene mliweke nyuma, ila mkague kwanza la mbele: nyuzi zisionekane, ubavu usiwe na nyufa, na waya wa ukingoni usiwe umechomoza.

Lile lililotolewa msilitupe. Fundi hulikata kingo zenye waya, akalilaza ndani ya tairi jingine kuikinga tyubu na miiba. Baiskeli huwa nzito kidogo kuikanyaga, lakini pancha hupungua.