Nati Iliyoshikwa na Kutu

Mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kunyesha yapata mwezi wa Novemba na huendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo magari yapitayo Iringa, Mafinga na Mbeya, katika barabara kuu iendayo Tunduma, hurushiwa maji na matope chini. Baadaye fundi anapotaka kufungua nati, haizunguki. Imeshikwa na kutu.

Je, kutu huishikaje nati? Chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni iliyomo hewani, hugeuka kuwa kutu. Kutu hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichoifanya. Kati ya nyuzi za bolti na nyuzi za nati mna nafasi nyembamba sana. Kutu huijaza na kubana kama kabari.

Fundi mwenye pupa huvika bomba refu kwenye mpini wa spana. Ni kweli kwamba spana ni wenzo: mpini ukiongezwa kutoka sentimita 30 hadi 60, mkono ule ule huizungusha nati kwa nguvu maradufu. Lakini bolti yaweza kukatika, na kukitoa kipande kilichobaki ndani ni kazi kubwa kuliko ile ya kwanza.

Fundi mwenye subira husugua kutu kwa brashi ya waya, kisha hutia mafuta mepesi na kuyaacha usiku kucha. Mafuta hujipenyeza kati ya nyuzi, kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi wa koroboi. Kesho yake huigonga nati kwa nyundo, polepole, ili kutu ipasuke. Ndipo huizungusha kidogo kushoto, huirudisha kulia, kisha kushoto tena.

Nati ikikataa bado, huipasha moto. Wengi hudhani kwamba nati ikitanuka, tundu lake hupungua. Sivyo. Fikiri kwamba umeikata nati na kuinyosha iwe kipande kirefu. Ukikipasha moto, kitarefuka. Sasa kikunje tena kiwe duara: duara litakuwa kubwa zaidi, na tundu lake pia. Bolti iliyo ndani haijapata moto mwingi kama nati, kwa hiyo nati hulegea.

Angalia! Moto hautumiwi karibu na tangi la petroli, wala kwenye nati za gurudumu lenye tairi. Hewa iliyomo ndani ya tairi ikipata joto husukuma kwa nguvu zaidi, na tairi likipasuka laweza kuua mtu.

Jaribio: Tafuta misumari mitatu mipya na chupa tatu. Weka msumari wa kwanza katika chupa kavu, uizibe. Wa pili uweke katika maji ya kawaida, chupa ikiwa wazi. Wa tatu uweke katika maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mimina mafuta ya kupikia juu yake. Tazama baada ya juma moja. Ni msumari upi umepata kutu nyingi? Kwa nini maji ya chupa ya tatu yalichemshwa kwanza?