Gurudumu la Tatu Barabarani

Huko Ruti, kiungani mwa Mbarara, na katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale yaliyofunguliwa mwaka 1958, bodaboda ndiyo miguu ya wengi: abiria na furushi lake juu ya magurudumu mawili. Wapo duniani wapendao magurudumu matatu, yaani pikipiki iliyofungwa kigari ubavuni, ambamo mwenzi wa safari huketi pamoja na maji na vifaa.

Safari yao mashuhuri ni ya wanawake wawili wa Uingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron. Waliondoka London tarehe 11 Desemba 1934 kwa pikipiki ya Panther yenye kigari na tela, wakavuka Sahara bila dira, wakaiunda upya injini huko Agadez, na kufika Cape Town Julai 1935. Katika Vita Kuu ya Pili, Wallach alikuwa tarishi wa pikipiki jeshini.

Chombo hiki hutaka adabu. Kigari kikiwa kushoto, kona ya kushoto ikikatwa kwa kasi, huinuka na chaweza kupindua chombo. Dereva hupunguza mwendo mapema. Mzigo mzito hulazwa chini kigarini.

Wala si anasa tu. Nchini Malawi vigari vya namna hiyo, vyenye kitanda, vimewafikisha hospitali akina mama wenye uchungu wa kuzaa. Si rahisi mama wa namna hiyo kupakatwa juu ya bodaboda. Gurudumu la tatu humpa mahali pa kulala.