Maandalizi ya Kupanda Mlima Kilimanjaro kwa Kikundi: Siku, Afya na Makubaliano

Mlima Kilimanjaro, wenye urefu wa mita 5,895, hupandwa kwa urahisi zaidi katika vipindi viwili vya ukavu: Januari hadi Februari, na Juni hadi Oktoba. Kwa wakazi wa Bariadi na wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu, kipindi cha pili ndicho kinachofaa zaidi. Masika yamekwisha, msimu wa kuuza pamba umefika, na shule hufungwa kwa likizo ya katikati ya mwaka. Ndipo marafiki, walimu na watumishi wengine wanapoweza kuchanga fedha na kusafiri pamoja.

Mara nyingi kikundi hutumia muda mwingi kujadili nauli na michango, kisha hupunguza siku za kukaa mlimani ili gharama ishuke. Huko ndiko hatari kubwa inakoanzia.

Kwa nini siku zina uzito kuliko nguvu

Ziwa Victoria liko takribani mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Bariadi uko juu kidogo ya hapo. Kwa hiyo mkazi wa Simiyu, hata awe amezoea jembe na mwendo wa mguu, mwili wake haujazoea hewa haba ya milimani. Karibu na kilele, kila pumzi huleta takribani nusu tu ya oksijeni ipatikanayo usawa wa bahari. Mwili huweza kuizoea hali hiyo, lakini huhitaji muda.

Kanuni inayoshauriwa na wataalamu ni kwamba, mtu akishavuka mita 3,000, asipandishe mahali pake pa kulala kwa zaidi ya mita 500 hivi kwa siku, na apumzike siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Njia ya Marangu, ambayo ina mabanda ya kulala, inaonesha ugumu wa kuitimiza kanuni hiyo. Kituo cha Mandara kiko takribani mita 2,700, Horombo mita 3,700, na Kibo mita 4,700. Kila hatua huongeza karibu mita 1,000. Safari ya siku tano hupitia vituo hivyo mfululizo bila mapumziko. Safari ya siku sita huongeza usiku mmoja Horombo, na usiku huo ndio mara nyingi humtenganisha anayefika kileleni na anayeteremshwa akiwa mgonjwa. Kikundi kinachotaka kubana matumizi kipunguze jambo jingine, wala si usiku huo.

Uchunguzi wa afya kabla ya kuchanga

Kila mwanakikundi anashauriwa kufika katika kituo cha afya au hospitali kabla ya kulipa mchango wake. Shinikizo la damu, moyo, pumu, kisukari, upungufu wa damu na ujauzito ni mambo ya kumweleza daktari.

Kanda ya Ziwa ina jambo moja la kuzingatiwa kwa namna ya pekee, nalo ni selimundu, ambayo ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi yanayowapata watu wengi katika kanda hii. Mwenye ugonjwa huu hapaswi kupanda mlima mrefu, kwa kuwa upungufu wa oksijeni huweza kuamsha maumivu makali na kuhatarisha maisha. Aliyerithi vinasaba hivyo kwa mzazi mmoja huwa mzima na huenda asijue hali yake. Hata hivyo, hewa haba huweza kudhuru wengu wake. Kipimo cha damu huonesha hali hiyo, na ushauri wa daktari ufuatwe.

Fedha, vitambulisho na wakala

Hairuhusiwi kupanda Kilimanjaro bila mwongozaji aliyesajiliwa. Mratibu wa kikundi ahakikishe kwamba wakala ana leseni ya utalii, na kwamba ada za hifadhi zinalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, si kwa simu ya mtu binafsi. Raia wa Tanzania hutozwa ada ndogo kuliko wageni wa kutoka nje ya Afrika Mashariki. Hivyo kila mmoja abebe kitambulisho cha Taifa. Watumishi wa umma waombe likizo na kibali cha kusafiri mapema.

Kwa barabara, safari hupitia Maswa, Shinyanga, Singida, Babati na Arusha hadi Moshi. Inafaa kulala Moshi au Marangu usiku mmoja kabla ya kuanza kupanda.

Mavazi

Joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 kila mita 1,000, na usiku wa kuelekea kileleni baridi hushuka chini ya sifuri. Ingawa Simiyu ni mkoa wa pamba, nguo ya pamba haifai kuvaliwa mwilini huko, kwa sababu hushika jasho na kuupoza mwili. Sufu au kitambaa kinachokauka haraka hufaa zaidi. Makoti mazito hupatikana katika masoko ya mitumba, au hukodiwa Moshi.

Makubaliano ya kikundi

Kabla ya kuondoka, wanakikundi wakubaliane waziwazi juu ya mambo matatu. Kwanza, mwendo utakuwa wa yule anayekwenda polepole kuliko wote. Pili, hakuna atakayeficha maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kutapika au kizunguzungu; mwenye dalili hizo asipande zaidi mpaka zitulie. Tatu, anayeyumba kama mlevi, anayechanganyikiwa, au anayehema kwa shida hata akiwa amepumzika, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku, na mwenzake mmoja aliyechaguliwa mapema aongozane naye na mwongozaji. Hizo ni dalili za maji kujaa katika ubongo au mapafu, na tiba ya kwanza ni kushuka.

Makubaliano haya ni rahisi kufanywa Bariadi kuliko Kibo, ambako uchovu, baridi na fedha zilizokwisha kulipwa humfanya mtu aone haya kurudi.

Ratiba inayopendekezwa

Miezi mitatu kabla: uchunguzi wa afya, michango na mazoezi ya kutembea saa kadhaa kila mwisho wa wiki. Miezi miwili kabla: kuchagua wakala na njia. Mwezi mmoja kabla: likizo, mavazi na viatu, ambavyo vivaliwe mazoezini hadi vizoeane na miguu. Wiki ya mwisho: kikao cha makubaliano, na kila mmoja kuacha nyumbani namba ya simu ya mratibu, jina la wakala na tarehe ya kurejea.