Injini Imefumuliwa Upya, Gari Halivuti: Pima Kwanza

Mwenye Land Cruiser amelipia ovaholi nzima: silinda zimechongwa, pistoni, ringi na beringi ni mpya. Gari linatoka gereji, lakini Mlima Kitonga linaupanda kwa kusuasua. Asubuhi linagoma kuwaka, na likiwaka linatoa moshi mweupe. Anaporudi, anaambiwa injini ishushwe tena. Asikubali kabla ya vipimo.

Dizeli haina plagi ya cheche. Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya injini yake Ujerumani mwaka 1893, alitegemea joto la hewa iliyogandamizwa. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, yenye silinda sita na ujazo wa cc 4,164, hubana hewa zaidi ya mara 20. Hewa ikivuja, joto hupungua na mafuta hayaungui vizuri.

Kipimo cha kwanza ni geji ya kompresheni. Injini iwe imepata moto, tapeti zimesetiwa, betri imejaa, na mafuta yamekatwa. Kila silinda ipimwe na namba iandikwe. Dizeli nyingi za magari ya namna hii husoma kati ya pauni 300 na 500 kwa inchi ya mraba; kiwango halisi kimo katika kitabu cha injini husika. Tofauti kati ya silinda na silinda ina uzito sawa na namba yenyewe.

Silinda mbili jirani zikisoma chini, shuku gasketi ya silinda hedi kati yake. Ikiwa ni moja tu, ingiza upepo wa kompresa pistoni ikiwa juu kabisa na valvu zote zimefungwa, kisha sikiliza. Upepo ukitokea kwenye ekzosi, valvu ya kutolea moshi haikai. Ukitokea njia ya hewa, ni valvu ya kuingizia. Ukifoka kwa wingi kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au hedi iliyopasuka.

Zikiwa chini zote, kagua taimingi ya valvu: jino moja la mkanda linatosha kuharibu kazi. Kagua pia gasketi. Huuzwa kwa unene tofauti, na huchaguliwa kwa kupima pistoni inavyochomoza juu ya bloku; nene kupita kiasi hupunguza kompresheni.

Kuna kosa la baada ya ovaholi pia. Ringi mpya hukaa kwa kusukumwa na nguvu ya mwako dhidi ya ukuta wa silinda. Injini ikiachwa ingurume kwa saa nyingi bila mzigo, ukuta hung'aa kabla ringi hazijakaa. Iendeshwe kwa mzigo wa wastani, mwendo ukibadilishwabadilishwa, bila kuilazimisha.

Kompresheni ikiwa nzuri, usiiguse injini. Kagua filta ya dizeli na ya hewa, hewa iliyoingia kwenye mpira wa mafuta, nozeli, taimingi ya pampu, kebo ya mafuta isiyofungua hadi mwisho, hata breki zinazoshika.

Mteja, usilipe salio la ovaholi kabla hujapewa karatasi yenye kompresheni ya kila silinda. Fundi anayejiamini atakuandikia.