UPEPO UTOKAO KATIKA JUA

Mapadri wa misioni za mbali wamekwisha kuona jambo hili: asubuhi fonii inasema vizuri, kiisha mchana inanyamaza gafula. Tunashitaki betri. Pengine mwenye kosa ni jua: mwali mkubwa umeruka usoni pake, na nguvu yake imetufikia kwa dakika 8. Nyuma ya siku moja ao tatu, tufani ya upepo inaweza kuufuata.

Upepo gani, pahali pasipo hewa? Ni vipande vidogo vya atomu, protoni na elektroni, vinavyokimbia kilometri 400 hivi kila segonde. Watu waliona tangu zamani kwamba nyota yenye mkia inaelekeza mkia wake daima mbali na jua. Mwaka 1951 Mjerumani Ludwig Biermann alisema kuna kitu kitokacho katika jua kinachousukuma.

Basi, mwaka 1958 Eugene Parker, mwalimu wa Chicago mwenye miaka 31, aliandika hesabu yake. Taji la jua, ndiyo gazi inayolizunguka, lina joto la digrii kupita 1,000,000. Jua halina nguvu ya kulishika lote, kwa hiyo linamwagika inje bila kukoma. Waamuzi wawili wa gazeti la elimu ya nyota walikataa andiko lile. Mkubwa wa gazeti, Subrahmanyan Chandrasekhar, hata yeye hakulisadiki. Lakini alitafuta kosa katika hesabu, hakuliona, akalipiga chapa. (Sisi tunaosahihisha kazi za wanafunzi, je, tungefanya hivyo?) Mwaka 1962 chombo Mariner 2, kikiwa njiani kwenda Zuhura, kilipima upepo ule miezi mizima. Haukukoma.

Kuutabiri ni kazi ngumu kupita kutabiri mvua. Tarehe 13 Machi 1989 tufani ya jua ilizima umeme wa Quebec, katika Kanada, muda wa saa 9. Watu 6,000,000 walikaa bila umeme. Mwaka 1997 Wamarekani walituma satelite ACE kilometri 1,500,000 mbele ya dunia, upande wa jua, na nyingine zikaifuata. Ni kama zamu mlangoni: upepo ukipita pale, watu wa umeme wanabaki na saa moja hivi, pengine dakika 20 tu.

Parker alifundisha Chicago hata mwaka 1995. Tarehe 12 Agosti 2018, mzee wa miaka 91, alisimama Florida akitazama chombo chenye jina lake kikipanda; alikufa mwaka 2022. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo kile kilipita ndani ya taji lenyewe, kilometri milioni 6 toka uso wa jua. Kwa nini taji lina joto kupita uso ule, wenye digrii 5,500 tu, wenye elimu wangali wakibishana.